Kauboi, Mzururaji na Kijana wa Chilinde



Mimi si mhakiki wa filamu. Ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari mwenye stashahada, na chuoni nilifundishwa kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Sinema hazikuwamo katika mtaala wetu. Filamu huzitazama kama wengi wanavyozitazama: jioni ya mapumziko, umeme ukiwapo, kwa jirani mwenye televisheni kubwa kuliko yangu. Maoni nitakayoyatoa hapa juu ya filamu mbili ni ya mtazamaji wa kawaida, na ukiwa mjuzi wa fani hiyo una ruhusa ya kunicheka.

Hata hivyo, ukurasa huu ni wa elimu ya uraia, nami nisingekuletea habari za sinema kama zisingegusa uraia wetu. Kati ya siku niliyoitazama filamu ya kwanza na siku niliyoitazama ya pili, kulitokea jambo katika mtaa ninaoishi ambalo limeninyima raha hadi leo. Nimelisimulia mara moja tu, mbele ya wanafunzi wangu. Sasa nalisimulia kwako.

Wasomaji wa siku nyingi wanajua kwamba ninaishi Chilinde, mojawapo ya mitaa yenye watu wengi jijini Lilongwe. Nilizaliwa Kyela, ng'ambo ya mto Songwe, na nilivuka mto huo miaka kadhaa iliyopita kumfuata mwenzangu wa maisha. Siku za kazi nafundisha mjini. Jumamosi hupanda basi dogo la kwenda kaskazini, nikapita Lumbadzi, kisha nikaelekea upande wa Dowa hadi kambi ya Dzaleka, ambako nina darasa la vijana wanaotaka kuandika Kiswahili sanifu, si kukizungumza tu. Ni safari isiyofikia kilomita 50, lakini wapo niwajuao ambao kwao umbali huo ni mrefu kuliko safari yangu yote ya kutoka Kyela. Nitaeleza kwa nini.

Filamu ya kwanza inaitwa Five Fingers for Marseilles, yaani vidole vitano kwa ajili ya Marseilles. Marseilles hii haipo Ufaransa. Ni mji mdogo wa kubuniwa huko Afrika Kusini, katika milima ya jimbo la Eastern Cape. Filamu iliongozwa na Michael Matthews, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2017, na wahusika wake huzungumza zaidi Kisotho. Jirani yangu aliipata katika flashi, akatualika Jumamosi jioni: mimi, mkewe, fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, na vijana kadhaa wa mtaa. Maandishi ya chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza, na jirani akajitwika kazi ya kutafsiri kwa Kichewa kwa sauti. Alinikumbusha mabanda ya video ya Dar es Salaam na sauti ya Lufufu, aliyewafanya mashujaa wa Kichina na Kimarekani wazungumze Kiswahili cha mitaani. Nami, kama mwalimu wa lugha, nilikaa nikiokota maneno ya Kisotho yaliyo ndugu wa maneno yetu: motho ni mtu, batho ni watu. Yalinifurahisha kama mtu aliyekutana na binamu katika kituo cha basi.

Kisa ni hiki. Katika zama za ubaguzi wa rangi, vijana watano wanalilinda kwa manati eneo lao, liitwalo Railway, dhidi ya polisi wanaokuja kuwanyanyasa wazazi wao. Mmoja wao, Tau, ambaye jina lake maana yake ni simba, anawaua polisi wawili na kukimbia. Miaka 20 baadaye anatoka gerezani na kurudi nyumbani akitaka kuishi kwa amani. Anaikuta nchi ikiwa huru na mji ukiwa mateka. Mwenzake mmoja ni meya, mwingine ni mkubwa wa polisi, mwingine ni mchungaji, na genge la mtu mwenye jicho la kutisha aitwaye Sepoko linawatoza watu kodi ya hofu. Sitakusimulia mwisho. Nitasema tu kwamba Tau hakuachwa aishi kwa amani.

Maoni yangu? Ni filamu nzuri, na uzuri wake umo katika uzito wake. Milima imepigwa picha kwa namna ambayo mtu anaonekana mdogo na mpweke. Waigizaji hawana maneno mengi. Vuyo Dabula, aliyeigiza Tau, anaweza kukaa kimya hadi mtazamaji akajisikia mkosaji. Zaidi ya yote, waandaaji hawakudanganya. Wanaonyesha kwamba bunduki aliyoishika mtu kwa ajili ya haki inabaki mkononi mwake hata baada ya haki kupatikana, na kwamba rafiki wa utotoni akipewa cheo anaweza kuwa mzigo mzito kuliko adui wa zamani.

Lakini hatukuitazama filamu hiyo kama ilivyotengenezwa. Sinema za kauboi zina mazoea ya zamani katika sehemu hizi za Afrika. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walijiita Bills kwa kumwiga Buffalo Bill. Kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia Kaskazini, ambako babu wengi wa hapa Malawi walikwenda kutafuta kazi, watu walijaa uwanjani kutazama kauboi wakikimbiza farasi. Tumerithi namna ya kutazama: tunangoja mtu mmoja mwenye shabaha aje awamalize wabaya. Kwa hiyo kila Tau aliponyoosha bunduki, sebule ya jirani yangu ilishangilia, na mimi nikiwamo. Mahali filamu ilipoomboleza, sisi tulipiga makofi.

Tulipokuwa tukitoka, kijana wa jirani, ambaye huja kwangu jioni kuniuliza habari za ngeli kwa sababu anataka siku moja kufanya biashara Tanzania, aliniambia kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Mwalimu, Chilinde inataka Tau wake." Nilicheka. Nilimsahihisha upatanisho wa kisarufi, nikamwambia Chilinde inamtaka Tau wake. Maana ya sentensi sikuigusa.

Siku tano baadaye, Alhamisi magharibi, nilikuwa natoka kununua nyanya na mafuta ya kupikia. Nikasikia kelele upande wa barabara: "Wakuba! Wakuba!" Ukiishi Lilongwe huhitaji kamusi ya Kichewa kulijua neno hilo. Ni mwizi. Watu walikuwa wamefanya duara, na katikati ya duara alikuwamo kijana mwembamba wa umri wa wanafunzi wangu, shati limechanika, damu ikitoka juu ya jicho. Nilisikia ya kwamba ameiba simu kwenye kibanda cha kuuzia vocha. Mtu mmoja alimpiga kwa ubapa wa ubao. Mwingine alimpiga teke. Kijana akaanguka, na alipoanguka akalia kwa lugha yangu: "Mama yangu wee, siyo mimi!"

Alilia kwa Kiswahili. Nilisikia mtu akisema kwa Kichewa kwamba huyu ni wa Dzaleka, na duara likasogea karibu zaidi. Ilikuwa kama watu wamepewa ushahidi wa pili.

Hapa yanipasa nikueleze ule umbali niliousema. Malawi huwataka wakimbizi waishi kambini. Kwa miaka mingi wengi walikuwa wamepata nafasi ya kuishi na kufanya biashara mijini, pamoja na mitaa ya Lilongwe, hadi mwaka 2023 serikali ilipoamuru warudi Dzaleka, na polisi wakapita kuwakusanya. Wapo majirani niliokuwa nikinunua kwao sukari na sabuni ambao waliondoka na magodoro kichwani. Tangu hapo, Kiswahili barabarani kimekuwa na sauti ya chini. Mtu akikizungumza kwa nguvu, wapo watakaogeuka kumtazama.

Basi nilisimama pale na kikapu changu. Kijana alikuwa akisema, kwa lugha ambayo katika umati ule huenda ni mimi tu niliyeielewa yote, kwamba alikuwa anapita, kwamba mwenye kukimbia alikuwa mwingine mwenye kofia, kwamba wampekue. Ningeweza kutafsiri. Kutafsiri ndiyo kazi inayonilisha. Nilifunga mdomo. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo, hata kwa Kichewa, lafudhi yangu itanitaja, na duara litapata mtu wa pili.

Aliyesema ni mama mmoja muuza mandasi. Aliacha karai lake la mafuta, akasogea, akauliza kwa sauti kubwa: "Foni yake ili kuti?" Simu yenyewe iko wapi? Aliuliza mara tatu. Hakumtetea kijana, aliuliza swali tu. Watu wakaanza kutazamana. Mmoja akampekua kijana mifukoni, hakukuta simu. Wengine wakasema ameitupa, wengine wakasema amempa mwenzake, na wakati wanabishana gari likasimama, wanaume wawili wakamwinua kijana wakampakia wampeleke kituoni. Duara likavunjika, watu wakaenda kupika.

Sijui kama aliiba. Nimeulizia, sikupata jibu. Huenda aliiba. Nakuomba, msomaji, ulikumbuke jambo hilo hadi mwisho wa makala haya: huenda aliiba.

Na jambo moja zaidi. Duara lilipovunjika nilimwona kijana wa jirani yangu, yule wa ngeli. Sikumwona akipiga. Nilimwona akiwa ameshika jiwe, akiliangalia kama mtu anayejiuliza limefikaje mkononi mwake.

Jumamosi ilipofika nilikwenda Dzaleka. Jina hilo lina historia. Kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, mahali hapo palikuwa gereza la zama za Kamuzu Banda, na jina lake linatokana na kitenzi cha Kichewa cha kuacha: nitaacha, sitarudia tena. Ndiyo kauli iliyotakiwa itoke kinywani mwa mfungwa. Kambi ilipangwa kwa watu baina ya 10,000 na 14,000. Leo wapo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, wengine Burundi na Rwanda. Wamejenga nyumba za udongo, makanisa, maduka, shule, na tangu 2014 wana tamasha lao la sanaa, Tumaini, linalowaleta watu kutoka nje ya kambi kuja kusikiliza muziki. Nimetaja hayo ili usifikirie kambi kuwa mahema na foleni tu.

Wiki hiyo nilikuwa nimewaahidi wanafunzi filamu ya kuchekesha, kwa ajili ya zoezi la kusimulia kwa maandishi kitu kisicho na maneno. Kijana mmoja alileta projekta, mwingine shuka jeupe, na betri ya sola tukaazima. Watu wazima nao walijisogeza, kwa kuwa kicheko hakina mlango. Filamu ilikuwa Modern Times ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1936, jina lenye maana ya nyakati za kisasa. Ina umri wa bibi zetu. Mhusika wake ni yule Mzururaji mwenye kofia ndogo, bakora, viatu vikubwa na masharubu mafupi, ambaye hana nyumba, hana kazi ya kudumu na hana mtu.

Maoni yangu juu yake ni mafupi. Nilidhani nitawaonyesha vijana kitu cha makumbusho, lakini dakika ya kumi mzee mmoja alikuwa akijifuta machozi kwa kucheka. Kuna mahali Mzururaji anafanya kazi kiwandani, akikaza skrubu kwa kasi hadi mikono yake inaendelea kukaza hata kazi ikiisha. Kuna mashine ya kumlisha mfanyakazi bila yeye kuacha kazi, inayoharibika na kumpiga usoni kwa gunzi la mahindi. Sikuhitaji kufafanua chochote. Ninakiri kwamba kipande cha katikati kinachelewachelewa kidogo, na muziki wakati mwingine unatuamuru tuhuzunike. Hayo ni madogo.

Kipande ninachotaka kukueleza ni kifupi sana. Mzururaji ametoka hospitali, hana kazi, anatembea barabarani. Lori linapita, na kitambaa cha hatari kilichofungwa nyuma ya shehena yake kinadondoka. Anakiokota, anakipunga ili dereva arudi akichukue. Wakati huohuo, nyuma yake, kundi kubwa la wafanyakazi wenye mabango linatokea kwenye kona. Sasa anaonekana kuwa mtu aliyeshika bendera nyekundu mbele ya maandamano. Polisi wanafika, na wanamkamata yeye kama kiongozi.

Watu wote walicheka. Kisha mama mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Uvira, akasema kwa sauti, kama anavyosema mtu anapoongea na televisheni: "Lakini hakufanya kitu! Sisi wote tuliona. Nani atasema vile sisi tuliona?"

Kicheko kiliendelea. Mimi sikuweza tena kucheka.

Nimefikiri sana juu ya swali la mama yule, na hili ndilo ninalotaka kukuambia. Katika filamu, msomaji, mimi na wewe tunajua. Tunajua Mzururaji hana hatia kwa sababu tulikuwapo kitambaa kilipodondoka. Tunajua genge la Sepoko ni wabaya kwa sababu tuliwaona wakitesa watu. Ndiyo sababu tunaweza kumshangilia Tau bila kusutwa na dhamiri: mtengeneza filamu ametufanya mashahidi wa kila kitu kabla ya kutuomba tuhukumu. Katika magharibi ile ya Chilinde hapakuwa na mtu aliyepewa nafasi hiyo. Watu thelathini au arobaini walikuwa na uhakika wa watazamaji wa sinema, na hawakuwa wameona hata picha moja.

Mahakama, pamoja na makosa yake yote, ni njia ambayo wanadamu wamebuni kwa sababu hawakuwapo. Ushahidi, kiapo, maswali kwa mshitaki, nafasi ya mshitakiwa kujibu kwa lugha anayoielewa, mkalimani: yote hayo ni jitihada za polepole za kukijenga upya kile ambacho hatukukiona. Ndiyo maana Katiba ya Malawi, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu anayeshutumiwa haki ya kuhesabiwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Haisemi kila Mmalawi. Inasema kila mtu, na mkimbizi ni mtu. Katiba ya Tanzania ina neno hilohilo katika ibara ya 13, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981 unalo katika ibara ya 7, na Azimio la Ulimwengu la mwaka 1948 katika ibara ya 11.

Najua utakalonijibu, kwa kuwa nimejibiwa hivyo na majirani zangu, nao si watu wabaya. Watasema: polisi wanachelewa, mwizi akipelekwa kituoni, kesho kutwa unamkuta barabarani anakucheka, aliyeibiwa hana wa kumlipa. Malalamiko hayo ni ya kweli, na serikali yoyote inayoyapuuza inaandaa umati wa kesho. Lakini mara nyingi anayeonekana barabarani ametoka kwa dhamana, na dhamana haina maana kwamba ameshinda kesi. Bado atarudi mahakamani, na aliyeibiwa bado ana haki ya kwenda kusema aliloliona.

Tena, watu wanaolalamika kwamba sheria huwaachia wenye hatia wanasahau kuwa umati humuua asiye na hatia bila nafasi ya rufaa. Mwishoni mwa mwaka 2017, katika wilaya za kusini kama Mulanje na Phalombe, ulienea uvumi wa anamapopa, watu wanaodaiwa kunyonya damu usiku. Watu kadhaa waliuawa na makundi. Hakuna aliyewahi kuonyesha damu iliyonyonywa. Marehemu walikuwa wageni wa njia, au watu waliochukiwa, au watu waliopita mahali pasipofaa saa isiyofaa.

Wala sitaki udhani kwamba nawapigia polisi debe. Chaplin hakuwapigia, na alikuwa na sababu. Katika filamu hiyohiyo msichana yatima anaiba mkate kwa njaa, na Mzururaji anajitwika kosa ili amwokoe. Anapita mwanamke aliyeona kisa chote, anasema ukweli, na msichana anakamatwa. Wanafunzi wangu walimzomea mwanamke yule. Tulijadiliana baadaye, na hatukukubaliana. Wengine walisema shahidi mkweli hana kosa, kosa ni la mji unaomwacha mtoto alale na njaa. Wengine walisema kuna ukweli ambao mtu mwenye huruma huumeza. Niliwaacha na ubishi wao, kwa kuwa ni ubishi mzuri.

Na uzururaji wenyewe, jina la mhusika yule, hapa Malawi ulikuwa kosa la jinai. Sheria ya kikoloni iliruhusu mtu kukamatwa kwa kuonekana tu mahali na wakati ambao polisi waliuona una shaka. Mwaka 2015 mchuuzi mmoja wa mifuko ya plastiki alikamatwa alfajiri akielekea kazini. Hakuokota jiwe. Alikwenda mahakamani, na Januari 2017 Mahakama Kuu huko Blantyre ikatamka kwamba kipengele hicho kinapingana na Katiba. Kila ninapokumbuka kesi hiyo naona kwamba Mzururaji amewahi kushinda, angalau mara moja, na alishinda kwa kusema mbele ya watu waliolazimika kumsikiliza.

Siku mbili baada ya kutoka Dzaleka, kijana wa jirani alikuja na daftari lake. Hatukufungua daftari. Nilimuuliza juu ya jiwe.

"Mwalimu, kila mtu alijua kwamba ni mwizi."

"Wewe ulijuaje?"

"Walisema."

"Nani walisema?"

Alinyamaza. Nikachukua kalamu nikaandika neno moja, walisema, nikapigia mstari silabi ya kwanza. Nikamweleza kama ningemweleza mwanafunzi yeyote: hiki ni kiambishi cha nafsi ya tatu, wingi. Kinaturuhusu kutunga sentensi kamili, isiyo na kosa la sarufi, yenye watendaji ambao hakuna aliyewaona. Mtu aliyeumizwa hawezi kumshika "wa-" mkono akamuuliza swali. Mbele ya hakimu mtu hulazimika kuanza kwa nafsi ya kwanza: niliona, nilisikia, nilikuwa nimesimama hapa. Nafsi ya kwanza ni nzito, kwa kuwa anayeitumia anaweza kuulizwa.

Kijana akaniuliza, bila ujeuri wowote, "Na wewe, mwalimu, ulikuwapo. Ulisema nini?"

Nilimjibu kwa nafsi ya kwanza. Nilimwambia nilisikia kila alichosema yule kijana, nilikielewa, na nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Hakunijibu. Alikaa kidogo, akachukua daftari lake, akaaga kwa adabu: "Zikomo, mwalimu." Amerudi mara mbili tangu siku hiyo, na jiwe hatujalitaja tena. Sijui amejifunza nini kwangu, somo la sarufi au la uoga.

Jumamosi iliyofuata niliwasimulia wanafunzi wangu wa Dzaleka. Nilitarajia wanilaumu. Hawakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi, kwa kuwa niliona wamezoea watu wa kunyamaza. Mmoja aliniuliza tu kama najua kijana yule alilala wapi usiku ule. Nikasema sijui.

Mwishoni mwa Modern Times, Mzururaji anapata kazi ya kuimba hotelini. Maneno ya wimbo ameyaandika kwenye vikofi vya mikono, na vikofi vinaruka vikapotea. Akisukumwa na rafiki yake, anaimba kwa lugha isiyokuwapo, maneno ya kubuni yenye ladha ya Kifaransa na Kiitalia, na watu hotelini wanashangilia. Ndiyo mara ya kwanza sauti ya mhusika huyo kusikika katika sinema. Chaplin mwenyewe, Mwingereza aliyeishi Marekani karibu miaka 40, mwaka 1952 alinyang'anywa kibali cha kurudi humo akiwa safarini, akamalizia maisha yake Uswisi. Nilipowaambia vijana habari hiyo, walitingisha kichwa kama watu wanaosikia habari za mtu wa kijijini kwao.

Nakuachia kazi mbili, msomaji wangu, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Ya kwanza ni nyepesi: tazama filamu yoyote yenye mtu wa kulipiza kisasi, na kila unapotaka kushangilia jiulize ni nini ulichoonyeshwa ambacho mtaani usingekiona. Ya pili ni ngumu. Siku utakayokuta duara, huhitaji kuwa shujaa, wala huhitaji kujua kama aliyemo ndani ana hatia. Huenda aliiba. Uliza swali la muuza mandasi, kwa lugha yoyote uliyo nayo, kwa sauti ya kusikika: kitu chenyewe kiko wapi, na nani aliyeona?

Nimekwenda kununua mandasi kwa mama yule mara kadhaa sasa. Nilimwambia nilikuwapo siku ile. Akasema alijua, aliniona na kikapu changu. Kisha akaniuliza nataka ngapi.